Springi mpya juu ya miguu mibovu

Haya niliyaongea Jumapili kwenye yadi ya Kizota mbele ya wenye magari ya zamani wa hapa Dodoma. Kijana wangu alirekodi na simu, nami nimekaa usiku mbili tatu nikayaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Matusi ndio nimetoa.

Mbukwenyi! Aya, naona hata mliohamia na serikali sa hivi mnajua kuitikia, vizuri sana. Mwenyekiti asante, na mzee mwenye yadi asante kwa kivuli cha huu mwarobaini maana jua la saa nane Dodoma halina undugu. Nimepewa dakika ishirini niongee kuhusu kushusha gari, yaani kuweka springi fupi ikae chini zaidi, na kubadili vitu vya miguu vilivyochoka kwenye gari la zamani. Najijua nitazidisha, atakayechoka soda ziko kwenye lile beseni.

Kabla sijasimama hapa nimezunguka kidogo kwenye gari zenu, samahani kwa wale niliowachungulia chini bila hodi. Nimeona Mark II GX100 tatu, Chaser moja, Altezza mbili, Carina Ti, Corolla 110 kadhaa na Subaru ya yule bwana mwenye kofia. Sasa tupige hesabu kidogo. GX100 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1996, Altezza ilianza 1998 ikaachwa 2005, kwaiyo hata zile changa kwenye hii yadi zina miaka ishirini na ushee, na raba zilizoko chini yake kama hazijawahi kubadilishwa zina umri huohuo. Raba haisubiri kilomita. Gari iliyolala uani kwa bibi Kondoa miaka sita ikiwashwa Idi mpaka Idi, bushi zake, zile raba za kwenye viungo vya miguu, zimekauka tu kama za ile inayokwenda Dar kila wiki.

Kila wiki sikosi kijana mmoja amekuja na springi mkononi, nyekundu au bluu, zinang'aa, bado zina karatasi. Fundi nifungie hizi kesho, Jumamosi nina harusi. Nikimuuliza shokapu zilibadilishwa lini ananiangalia kama nimemuuliza jina la babu yake wa saba. Ndugu zangu, springi ndio kitu cha mwisho kununua. Najua ndio inayoonekana, ndio unapiga nayo picha pale Nyerere Square jioni, lakini springi ngumu ukiiweka juu ya miguu mibovu haifichi ubovu, inautangaza. Ile laini ya kiwandani ilikuwa inameza mshindo taratibu, wewe umeleta fupi na ngumu, kila shimo sasa mshindo unapita moja kwa moja kwenye mauntingi, pale juu shokapu inaposhikwa na bodi, kwenye bushi, kwenye boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshika upande wa tairi, na hao wote ni wazee. Mzee umemtwisha gunia la mahindi la Kibaigwa ghafla, alafu unashangaa analalamika kiuno.

Ngoja niseme jambo ambalo hata mafundi wenzangu wanalichanganya. Uzito wa gari unabebwa na springi, sio shokapu. Gari isiyo na shokapu haidondoki, inakaa palepale, ila ukipita tuta itapanda na kushuka na kupanda tena kama kitanda cha bweni. Shokapu kazi yake ni kutuliza, ndani kuna oili inalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo na ile nguvu ya kurukaruka inageuka joto. Ndio maana nina kipimo changu cha bure kabisa. Chukua gari, nenda barabara yoyote ya vumbi nje ya mji, endesha robo saa, simama, shika shokapu moja moja kwa mgongo wa mkono, jihadhari na disku ya breki utaacha ngozi pale. Zenye joto zinafanya kazi. Ukikuta ya kushoto ina moto na mwenzake wa kulia baridi kama mtungi, huyo wa kulia amestaafu bila kuaga.

Alafu vumbi letu hili, ambalo wageni wanalilalamikia, linasaidia kwenye jambo moja. Pwani shokapu ikivuja unaona oili inang'aa. Hapa huoni oili, unaona koti. Vumbi limeganda kwenye oili mpaka shokapu imevaa tope kavu jekundu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ukungu mwembamba wa oili pale juu usikutishe, nyingi zinatoa hivo, ila koti ni koti. Na chanzo mara nyingi ni ile raba ya kuzuia vumbi, ile ya kujikunja kunja, imechanika zamani na hakuna aliyejali. Vumbi linakaa kwenye ile fimbo inayong'aa, kila ikizama inaingia na mchanga, sili inaliwa. Ukibadili shokapu ukarudisha raba ileile iliyochanika umenunua shokapu ya muda mfupi, na ni raba ya hela ndogo tu!

Kuhusu kile kipimo cha kubonyeza kona ya gari na kuachia, wengi mnakijua. Ukibonyeza ikapanda, ikashuka, ikatulia, sawa. Ikicheza mara tatu, imekufa. Lakini shokapu iliyoganda nayo haichezi, inakudanganya kwamba nzima, kwaiyo usitegemee hicho peke yake. Sauti nazo zinaongea. Ukipita vijiwe vidogo ukasikia ko-ko-ko-ko nyepesi, anza na linki za stebilaiza, vile vifimbo vya ile chuma inayozuia gari isilale kwenye kona. Ukikanyaga breki ikagonga ngo! moja nzito, kaangalie bushi za amu ya chini, ule mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi. Ukikata usukani gari imesimama na springi inalia twaang kama uzi wa zeze, ni beringi ya mauntingi pale juu. Ukinyanyua tairi ukaishika juu na chini ikacheza ni boljointi au beringi ya tairi, ukaishika kushoto na kulia ikacheza ni tairodi au reki endi, vile vyuma vya usukani. Boljointi sitanii nayo. Bushi mbovu inakula tairi, boljointi ikichomoka tairi inalala chini ya gari ukiwa mwendo wa mia kwenye barabara ya Singida.

Na hapa nina ugomvi na vijana wa kuosha magari, wasikasirike. Ile tabia ya kumaliza kuosha alafu wanapiga dizeli au oili chafu chini ya gari ili pang'ae na pasilie. Aisee. Oili na raba hazipatani, raba inavimba, inakuwa laini kama ugali wa mgonjwa, baadae inapasuka. Kelele zinaisha wiki mbili kweli, wewe unafurahi, kumbe umezima kengele huku nyumba inaungua. Bushi ikilia usiipake grisi wala oili, ijue tu kwamba inaomba kubadilishwa.

Turudi kwenye springi. Kuna mtu hapa, simtaji ila anacheka anajijua, alifunga springi zilizoandikwa zinashusha milimita 30, gari ikashuka kidole kimoja nyuma na mbele haikushuka kabisa, akaja juu kwamba ameuziwa feki. Sio feki. Zile milimita 30 zinahesabiwa kutoka kimo cha gari ikiwa mpya. Springi yako ya zamani ilishalala yenyewe kwa miaka yote hiyo ya abiria watano na magunia ya mkaa kwenye buti, ulikuwa umeshashushwa bure na hukujua. Kwaiyo kabla hujanunua chochote chukua futi, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, tairi zote nne, gari ikiwa sehemu tambarare na buti tupu, andika. Usipime kutoka chini ardhini, tairi ikiwa na upepo kidogo itakudanganya. Upande wa dereva ukiwa chini kuliko wa abiria kwa sentimita moja usishangae, dereva yupo kila siku, abiria anakuja na kuondoka. Ikizidi hapo tafuta springi iliyokatika, maana inakatikaga ule mzunguko wa chini kabisa, kipande kinabaki palepale kwenye kikombe inachokalia springi na gari inaendelea kutembea, hata huoni mpaka uingie chini na tochi.

Alafu kukata. Wakuu, tuongee ukweli, nani hapa hajawahi kukata springi? Mimi nimekata. Nikiwa kijana najifunza kazi tulikata za Corolla na gesi, tena tulikuwa tunajiona mainjinia. Gari ikashuka, mwenyewe akalipa, akatoka anapiga honi. Wiki iliyofuata kapata pancha njiani, kapiga jeki, tairi limening'inia, springi ikateleza ikatoka kwenye kikombe chake inacheza kama bangili mkononi. Yeye hakuona, akashusha jeki, springi ikakaa upande. Alirudi na gari imeinama kama imepigwa kiharusi.

Watu wanadhani ukikata springi inabaki na ugumu uleule ila fupi. Hapana. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiondoa mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi, kwa sababu ule waya uliobaki ni mfupi na kila kipande kinapinda zaidi. Na unene wa waya ndio balaa kabisa, waya wa milimita 12 na wa milimita 13, vipimo vingine vyote vikiwa sawa, huu wa 13 ni mgumu kuliko mwenzake kwa asilimia kama 38. Milimita moja tu! Ndio maana usichukue springi ya gari lingine eti inafanana kwa macho. Na gesi ndio usiombe, ile chuma imepikwa kiwandani ikapewa ugumu wake kwa joto la kupimwa, wewe unakuja na moto wa kuchomelea geti, pale ulipochoma panageuka chuma cha kawaida, au panalala au panakatika. Kuna wengine hata hawakati, wanaichoma tu ikiwa ndani ya gari mpaka ilale yenyewe. Sina la kusema hapo.

Springi ya kushushia iliyotengenezwa vizuri ukiiangalia, nyingi zina mizunguko kadhaa upande mmoja imebanana sana. Sio urembo ule. Gari ikikaa chini ile mizunguko inalaliana haifanyi kazi, ila ukipiga jeki inafunguka inajaza nafasi, springi haichezi wala haitoki kwenye kikombe. Hicho ndio unacholipia.

Sasa mshuke kiasi gani? Mimi kwa hapa kwetu sizidishi sentimita tatu, tena kwa mwenye moyo. Kule Japani sheria yao inataka gari ibaki na sentimita 9 kutoka ardhini, na wale watengeneza springi wa Japani wanapiga hesabu zao wakijua hilo, barabara zao zile. Sisi tuna matuta yaliyojengwa na mjumbe na wananchi wenye hasira baada ya mtoto kugongwa, na siwalaumu, lakini tuta lile halina kipimo cha mtu. Ukitoka lami pale Nkuhungu ukaingia mitaani mvua ikiwa imepita, korongo limekata barabara katikati, unafanyaje na springi zako?

Na kuna kitu hakionekani, kuna ile raba ya povu ya njano kwenye fimbo ya shokapu, bampastopa, ndio inapokea mshindo wa mwisho springi ikifika mwisho. Tuseme gari yako ikiwa kimo cha kiwandani ina sentimita nane kabla ya kugusa ile raba. Umeshusha nne. Umebaki na nne, na springi kuwa ngumu kidogo haitoshi kufidia. Sasa kwenye gari la miaka 25 nenda kaitafute ile raba ya povu, utakuta unga. Mimi nikifungua shokapu ya zamani inamwagika mezani kama andazi la juzi. Maana yake nini, chuma kinagonga chuma, na kinachopasuka ni shokapu au ile kichwa ya mauntingi kwenye bodi. Vijana wanalaumu springi kwamba ngumu, gari inapiga mgongo, kumbe hata springi haijafanya kazi, wanakalia bampastopa tangu asubuhi.

Shokapu ya kawaida ikiwa mpya na nzima inavumilia sentimita hizo mbili tatu, zaidi ya hapo tafuta fupi zilizotengenezewa hiyo kazi. KYB, ambao ndio Kayaba haohao wa Japani, wanatengeneza za kawaida ambazo kwa watu wengi hapa zinatosha kabisa, na ukitaka seti nzima ya kushushia kuna Tein wa Japani walioanza 1985 na Eibach wa Ujerumani ambao wapo tangu 1951. Ila boksi sio shokapu. Fungua, angalia namba ya spea, linganisha na gari lako. Na kununua shokapu moja ya kulia eti ya kushoto bado nzima, hapana, mbele zote mbili au nyuma zote mbili.

Sasa nije kwenye lile lililonileta hapa. Hii niliyoishika ni bushi ya amu ya chini ya Carina Ti. Ipitisheni, msiogope ni safi. Mnaona imegawanyika, bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, raba katikati. Ile raba haijawekwa tu pale, imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Bushi hii haizunguki kama beringi. Amu ikipanda na kushuka raba inajinyonga, ikirudi inajinyongoa. Bolti ukiikaza unakamata lile bomba la ndani, halisogei tena, kuanzia hapo mahali ulipokazia ndio nyumbani kwa ile raba.

Miaka mingi nyuma nilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu wa Mpwapwa, mtu mpole, ana Carina Ti ya kijivu anaitunza kuliko nyumba. Akaja gari inagonga mbele, nikabadili bushi za amu zote, nikafunga, nikashusha jeki, akaondoka amefurahi. Miezi minne akarudi, bushi zimepasuka. Nikamwambia mwalimu spea za siku hizi, unajua tena. Akanunua nyingine za bei zaidi, nikafunga. Miezi mitano, akarudi. Nikamwambia ni ile barabara ya kwako. Akanyamaza, akatoa hela tena! Mpaka leo nikikumbuka alivyozihesabu zile noti nasikia aibu. Mara ya tatu ndio nikapata akili ya kumuita mzee mmoja fundi wa zamani, alikuwa ameshaacha kazi anauza vitunguu, nikamuonyesha ile bushi. Hakuuliza spea imetoka wapi. Akauliza, ulikaza gari ikiwa wapi?

Gari ilikuwa juu ya stendi. Tairi zinaning'inia. Kila mtu anakaza hapo, ndio spana inaingia vizuri.

Mnaona sasa? Tairi ikining'inia amu imetazama chini. Ukikaza hapo, nyumbani kwa raba ni pale chini. Unashusha gari, amu inapanda, raba inajinyonga na inakaa imenyongwa hivohivo gari ikiwa imesimama tu, imepaki, mwenyewe amelala. Ukipita tuta inanyongwa zaidi. Haijawahi kupumzika tangu siku ilipofungwa. Spea ilikuwa nzima na barabara ya Mpwapwa haikuwa na kosa, mimi ndio nilikuwa naziua kwa spana yangu. Nilimrudishia mwalimu hela ya ufundi ya mara zote, za spea alikataa, na zile bushi za mara ya tatu zilidumu mpaka alipouza gari.

Sasa unganisheni na kushusha. Hata kama bushi zako ni nzuri, hata kama hujazigusa, umeweka springi fupi, amu sasa inakaa juu zaidi ya ilipokazwa kiwandani, raba zote zimenyongwa kidogo saa zote. Kwaiyo ukishashusha, legeza bolti za amu zote, mbele na nyuma, gari ikiwa imesimama kwa miguu yake, itikise, iache ikae, alafu ndio ukaze. Kazi ya saa moja. Sijaona gari hata moja iliyokuja kwangu kutoka gereji nyingine ikiwa imefanyiwa hivo, ndio maana mnaambiwa springi za kushusha zinaua bushi.

Mwenye shimo gereji ana raha, gari inakaa juu na wewe uko chini. Asiye na shimo, ndio ile namba ya futi niliyowaambia muandike. Mimi naiandika kwa chaki kwenye fenda yenyewe, sm 37 mbele, sm 36 nyuma, kwa mfano. Gari ikiwa kwenye stendi weka jeki ya pili chini ya amu, karibu na boljointi, nyanyua taratibu mpaka futi isome ile namba ya kimo kipya, kaza hapo. Stendi nasema, sio tofali. Tofali la Dodoma ukiliangalia vibaya linamong'onyoka.

Bolti zenyewe zinaweza kukusumbua. Gari iliyoishi hapa kwetu bara kavu zinafunguka bila shida, iliyoishi Tanga au Dar karibu na bahari, au iliyotoka sehemu za Japani zenye theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani, bolti imeoana na bomba la bushi. Wekea oili ya kupenyeza tangu jana yake, ipige na nyundo, usipokuwa na subira utakata.

Na kubana springi. Tumieni kibanio cha springi, viwili, pande zinazotazamana, mkaze kidogo huku kidogo huku. Kamba za katani na waya wa kufungia nondo, hapana. Bati la gereji yangu lina tundu la duara, halikutobolewa na mvua. Na ile nati ya katikati juu ya shokapu usiilegeze springi ikiwa bado haijabanwa, hata robo.

Baada ya hapo alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi zinavyokaa. Ukishusha gari tairi zinalala kwa ndani kidogo na pia zinabadili zinakoelekea, na hili la pili ndio linakula tairi, linazikwangua huku kila moja inavuta njia yake. Endesha siku tatu nne springi zikae, ndio uende. Mark II na Chaser zina bolti za kurekebishia kwenye amu zenyewe. Corolla, Carina na Subaru, hizo za mguu wa MacPherson, shokapu na springi nguzo moja, zina jambo lingine, angalia amu ya chini gari ikiwa imesimama. Ikiwa sawasawa au imeinama kidogo kuelekea kwenye tairi, uko salama. Ikiwa upande wa tairi umepanda juu kuliko upande wa bodi umeshusha kupita kiasi, gari ipo chini lakini kwenye kona inalala zaidi ya mwanzo na usukani unajivuta wenyewe ukikanyaga shimo la upande mmoja. Watu hawaamini hili mpaka waende kona za kule Mtera.

Kuna swali? Ndio dada yangu.

Anauliza yeye ana IST na hataki kushusha, amepandisha, amewekewa spesa, kipande cha kuongeza kimo, juu ya shokapu ili avuke korongo la Msalato, je yanamhusu? Yanakuhusu yote. Umepandisha sentimita tatu, amu sasa inatazama chini saa zote, bushi zimenyongwa upande wa pili. Legeza, kaza upya gari ikiwa chini, kapime alaimenti. Na kama waliweka zile raba za kuchomeka katikati ya mizunguko ya springi, zitoe, zinaua ile mizunguko miwili na kuipa kazi yote iliyobaki, inakatika palepale.

Na wewe kijana wa Altezza? Umefunga jana. Umefungiwa jana, sawa, na inagonga ikipita tuta, na bolti za amu hawakuzigusa. Bampastopa je? Hujui. Haya, mwenyekiti nimemaliza, hii tuifanye sa hivi wote waone. Ilete hapa juu ya shimo, taratibu, mbao ziko sawa? Mmoja aingie chini na tochi. Weka hiyo jeki pembeni bwana, leo hainyanyuliwi gari yoyote.